Nepenthes ina majani mazuri lakini haitoi mitungi: anza na taa

Mkuu, umesema Nepenthes yako (mmea unaonasa wadudu kwa mitungi inayoota kwenye ncha za majani) ni aina ya ventrata, haitoi mitungi, iko chumba chenye kiyoyozi, juu kuna balbu moja ya wati 9, na ncha za majani zinakauka nyeusi. Kinachokosekana kwanza ni mwanga. Wengi hukimbilia mashine ya mvuke, ya kuongeza unyevu wa hewa. Hela hiyo nunua taa.

Tazama majani. Yakiwa marefu, yamelegea, kijani kimekolea, mwanga ni mdogo. Ukitosha, hutoka mafupi na kukakamaa, na machanga huwa na wekundu kidogo. Mabaka meupe au ya kahawia upande wa juu maana yake taa iko karibu mno.

Funga tyubu mbili za LED nyeupe, 6500K (weupe kama wa mchana), wati 18 hadi 20 kila moja, sentimita 20 hadi 30 juu ya majani, na taimeri ya saa 12 hadi 14. Zile za zambarau achana nazo: mmea utakua, ila wewe hutaiona rangi halisi ya majani. Usiwashe saa zote 14 siku ya kwanza; anza na 8, ongeza polepole.

Unyevu wa hewa wa asilimia 50 kwenda juu unaitosha ventrata. Hakikisha tu upepo wa kiyoyozi hauipigi moja kwa moja, maana kile kichipukizi cha mtungi kwenye ncha ya kikono (uzi unaotoka mwisho wa jani) hunyauka kabla hakijavimba. Ncha ikishakauka, jani hilo halitoi mtungi tena. Subiri majani mapya mawili matatu ndipo uhukumu.

Maji ndiyo huua kimyakimya. Ya kisima yana chumvi, na kuyachemsha hakuiondoi, kunaizidisha. Tumia ya mvua au yaliyotoneshwa (distilled). Kipimo cha TDS, yaani cha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, kisome chini ya 50 ppm. Mwagia juu hadi yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Hii haipendi mizizi kukaa ndani ya maji.

Udongo wa bustani na samadi hapana kabisa. Changanya sfagnamu (kuvu-mwani wa kinamasi uliokaushwa, yaani moss) na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mawe) nusu kwa nusu. Ukikosa sfagnamu, makumbi ya nazi yaliyosagwa yanafaa, ila yaoshe mara kadhaa kwa maji ya mvua, hasa ya pwani, kwa sababu ya chumvi.

Mtungi ukifunguka, chungu mmoja au wawili wanatosha. Nyama usitie, itaozesha mtungi.