Spika za sebuleni kwa bajeti ya kati: msikilize mwimbaji kwanza

Hapa Moshi ukiingia dukani kuulizia muziki wa nyumbani, muuzaji anakuwashia sabufa, anapandisha besi hadi meza inatikisika, kisha anakutazama usoni. Wengi wanalipa papo hapo. Nakusihi usitoe hela bado. Besi utaizoea haraka. Kitakachokuchosha au kukufurahisha miaka yote ni sauti ya mtu anayeimba.

Nazungumza na mwenye bajeti ya kati, tuseme laki saba hadi milioni moja na nusu. Kwa hela hiyo nunua spika mbili nzuri za stereo na amplifaya ya kawaida ya kuzisukuma, achana na seti ya spika tano na sabufa yake. Hela ile ile ikigawanywa kwa spika sita, kila moja inaambulia kidogo: boksi jepesi la plastiki na sumaku ndogo. Ikienda kwa mbili, unapata boksi zito la mbao, wufa (koni kubwa ya sauti nzito na za kati) ya inchi tano au sita na nusu, na twita (kile kidogo cha sauti nyembamba) ya kueleweka. Sabufa utaiongeza baadaye ukiona inahitajika. Na zaidi ya nusu ya bajeti iende kwenye spika, kwa sababu amplifaya mbili nzima hutofautiana kidogo tu masikioni, wakati spika hutofautiana mno.

Wati ndizo zinazodanganya watu. Boksi limeandikwa wati 8,000 PMPO, na mteja anaona kapata mashine. Kipimo hicho hakina kanuni inayokibana, kila kiwanda kinajiandikia. Marekani ilibidi tume ya biashara ya serikali, FTC, iweke kanuni mwaka 1974 kuhusu namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani. Wewe geuza chombo, soma kibandiko cha nyuma panapoandikwa kinakula umeme kiasi gani. Kama kinakula wati 60 kutoka ukutani, hakiwezi kusukuma 8,000 kwenye spika. Hata hizo 60 hazitoki zote, nyingine zinaishia kuwa joto. Namba ya kuulizia ni RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo.

Ninayoithamini zaidi ya wati ni usikivu wa spika, unaoandikwa kwa desibeli: sauti inayotoka ukiipa wati moja na kuipima umbali wa mita moja. Spika nyingi za nyumbani ziko kati ya 84 na 90. Tofauti ya desibeli tatu inaonekana ndogo, lakini kuifidia lazima uongeze wati mara mbili. Spika ya 90 ikipewa wati 30 inatoa sauti sawa na ya 87 iliyopewa wati 60. Angalia pia omu, yaani kiasi spika inavyouzuia umeme: kama amplifaya imeandikwa inataka spika za omu 6 kwenda juu, usiifungie za omu 4, utaichemsha.

Sasa kusikiliza, na hapa usione aibu kukaa. Usikubali flashi ya muuzaji, maana imejazwa nyimbo za kutikisa meza. Mwambie tu, "Kaka, samahani, naomba niunganishe simu yangu," halafu mwombe arudishe besi na trebo katikati.

Mimi naanza na kwaya. Huku kwetu hazikosekani, na ukipata rekodi ya sauti nne bila vyombo vingi, hicho ni kipimo kikali kuliko wimbo wowote wa klabu. Funga macho umfuate mwimbaji mmoja wa sauti ya pili. Kwenye spika dhaifu sauti ya pili na ya tatu zinakorogeka kuwa uji mmoja. Kwenye spika nzuri unawasikia wanapovuta pumzi kabla ya kuingia ubeti. Kisha naweka dansi la zamani lenye magitaa matatu. Gitaa la besi linapaswa kusikika likitembea noti kwa noti, sio kuvuma tu muda wote. Mwisho naweka mtu anayesoma habari, bila muziki kabisa. Sote tunaijua sauti ya binadamu tangu utotoni, kwa hiyo sikio halidanganyiki hapo. Mtangazaji akisikika amezibwa pua, au kila "s" inachoma, ondoka hata kama besi ni tamu. BBC walipounda spika yao ndogo LS3/5A miaka ya 1970, kwa ajili ya magari ya kurushia matangazo, walitafuta uaminifu huo huo wa sauti ya mtu. Wufa yake ni ya inchi tano tu, na hadi leo watu wanaisaka.

Ukilinganisha jozi mbili, hakikisha zinapigwa kwa ukubwa mmoja wa sauti. Iliyozidi kidogo sikio huiona ndiyo bora, na wauzaji wanalijua hilo.

Spika za mtumba nazipenda sana, hasa zilizotoka Japani na Ulaya. Ulizia kwa mafundi redio wa hapa mjini au Arusha. Ila zikague. Toa kitambaa cha mbele, tazama ringi laini inayoizunguka koni ya wufa. Ya mpira hudumu. Ya sponji iguse taratibu kwa kidole: iliyochoka inabomoka na kukuachia unga mweusi. Halafu sukuma koni ndani kidogo kwa vidole vya mikono yote miwili, pande zote sawasawa, sikio likiwa karibu. Ikikwaruza, koili (waya uliosokotwa nyuma ya koni) imeungua au imekaa upande. Twita usiiguse, nyingi zina kuba laini ya kitambaa inayobonyea kirahisi. Amplifaya ya Japani isomwe nyuma kabla ya kuchomekwa popote: nyingi ni za volti 100, na umeme wetu ni 230. Bila transfoma ya kushusha, unaiunguza mara moja. Spika za kawaida hazina shida hiyo.

Nyumbani, sebule zetu za vigae, dari ya jipsamu na madirisha ya vioo zinarudisha sauti vibaya. Zulia kati yako na spika, na pazia zito, vinasaidia kuliko kuongeza laki mbili kwenye bei. Usizipachike juu ya shokesi ya glasi wala kuzisukumia kwenye pembe, maana pembe inavimbisha besi. Ziweke kwenye stendi, twita zikiwa usawa wa masikio ya mtu aliyekaa kwenye kochi, na umbali kati yake ukaribiane na umbali wa kutoka kila moja hadi kwako.

Ukishaunganisha, weka rekodi ya mono, yaani inayotoa sauti ile ile kwenye spika zote mbili. Nyingi za dansi la zamani ndivyo zilivyo. Kaa katikati. Mwimbaji anapaswa kusikika yuko mbele yako, pale kati ya spika mbili ambapo hakuna kitu. Akitawanyika huku besi imepotea, waya wa spika moja umegeuzwa: zima amplifaya, rudisha nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, kisha washa tena.