Jua la Oktoba Paje na tundu la ozoni

SWALI: Assalaamu alaykum. Nalima mwani Paje. Kila Septemba redio husema tundu la ozoni limefunguka, na Oktoba jua linatuchubua mabega. Je, ndilo hilo tundu linatufikia huku?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada. Halikufikii. Ozoni ni gesi ya juu angani inayotukinga na miale mikali ya jua, na tundu ni pale inapopungua mno. Tundu lile ni la Antaktika, bara la barafu kwenye ncha ya kusini ya dunia. Majira ya baridi kule ni miezi ya giza. Upepo wa juu huizunguka ncha na kuifungia hewa ndani, ikapoa hadi chini ya nyuzi 78 za Selsiasi chini ya sifuri. Hapo hutanda mawingu ya barafu, na juu ya chembe zake kemikali ya klorini iliyotoka kwenye gesi za majokofu ya zamani huamka. Jua likirejea Septemba, klorini hiyo huila ozoni kwa wiki chache tu. Kufika Disemba hewa imeshapata joto, upepo umevunjika, tundu limeziba. Gesi zenyewe zilibanwa na mkataba wa kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1987, na pale Antaktika hali inatarajiwa kutengemaa karibu mwaka 2066.

Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo, na ozoni haipandi wala kushuka sana mwaka mzima. Ila tabaka letu ni jembamba kwa maumbile: ozoni nyingi huzaliwa juu ya ikweta, kisha pepo za juu huihamishia kwenye ncha.

Kinachokuunguza ni jua lenyewe. Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu na tarehe 8 Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, na miale hushuka kwa njia fupi kuliko zote. Ongeza bamvua: maji hupwa mno saa nne, saa tano asubuhi, nanyi mko shambani mpaka saa sita inawakuta. Maji ya magotini hayakingi. Nusu mita chini yake bado hufika kama asilimia 40 ya miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana inayounguza ngozi. Wingu jepesi nalo hupitisha sehemu kubwa.

Vaa mikono mirefu ya kitambaa kizito, maana nguo iliyochakaa ikilowa hupitisha zaidi, na kofia pana ya ukindu juu ya mtandio. Macho ndiyo ninayoyahofia kuliko mabega, kwani miale hii huchangia mtoto wa jicho. Ukinunua miwani, hakikisha inazuia urujuanimno. Kioo cheusi kisicho na kinga hiyo hudhuru zaidi, kwa kuwa mboni hutanuka nyuma yake.