Mnahamia kisiwani na mtoto anaogelea mashindano? Someni hapa kwanza

Jamani wazazi mnaohamia kisiwani kwa ajili ya kazi na mna watoto wanaoogelea, au hawajaanza ila wataanza tu maana kisiwani mtoto akitoka shule saa tisa hana pengine pa kwenda, naandika haya kwa sababu mwaka wetu wa kwanza tulikosea karibu kila kitu na hakuna aliyetuambia. Sasa hivi tuko mwaka wa sita. Mke wangu ndo mwenye mkataba na kibali cha kazi, mimi nilikuja kama mtegemezi, karatasi zangu zinasema kabisa siruhusiwi kuajiriwa, kwa hiyo kazi yangu ikawa kuendesha gari kati ya shule na bwawa, baadaye nikajikuta nashika stopwochi, na baadaye tena nikawa refa wa kuangalia mitindo ya kuogelea. Mengi nimeyaonea pale ukingoni mwa bwawa, sio kwenye viti vya wazazi.

Nianze na medali maana ndo zilizotuponza.

Gala (yaani mashindano ya kuogelea) ya kwanza, binti yetu akiwa na miaka kumi, alitoka na dhahabu tano. Tano! Tukapiga picha, tukamtumia bibi yake, bibi akatumia ukoo mzima. Kitu ambacho picha haikuonyesha ni kwamba kwenye bakstroku (kuogelea chali) walikuwa watatu, na kwenye bataflai (mtindo wa kipepeo) walikuwa wawili, tena mwenzake akatolewa kwa kugusa ukuta kwa mkono mmoja badala ya miwili. Kisiwa kidogo kina watoto wachache wa umri ule, ndo hesabu yenyewe, hamna uchawi. Miezi saba baadaye tukasafiri kwenye mashindano makubwa ya kwanza ng'ambo akawa wa 41 kati ya 48 kwenye mita 100 fristaili (mtindo huru), akatoka majini hajui atazame wapi, na mimi kwa ujinga wangu nikamuuliza "mbona leo hivi?" wakati kumbe alikuwa ameogelea pungufu ya sekunde moja tu nyuma ya muda wake bora, tena kwenye bwawa la mita 50 ambalo hajawahi hata kuliona maishani. Yaani siku ile aliogelea vizuri kuliko siku ya dhahabu tano, baba yake ndo alikuwa hajui kusoma karatasi ya matokeo.

Basi jifunzeni kusoma hiyo karatasi mapema. Mabwawa yako ya aina tatu. Kuna la mita 50, ndo la Olimpiki, kuna la mita 25, na kuna la yadi 25 ambalo ni mita 22.86 tu, hilo utalikuta sana sehemu zenye mkono wa Marekani. Mtoto akiogelea mita 100 kwenye bwawa la 25 anageuka mara tatu, kwenye la 50 anageuka mara moja, na kila anapogeuka anausukuma ukuta kwa miguu na kuteleza chini ya maji, kwa hiyo bwawa fupi muda unakuwa mzuri zaidi bila yeye kubadilika chochote. Na za yadi ndo kabisa, yadi 100 ni mita 91.44, usije ukamwambia ndugu yako nyumbani mtoto kavunja rekodi ya taifa kumbe ulikuwa unalinganisha yadi na mita. Nimefanya hivyo. Shemeji yangu hajasahau mpaka leo.

Sisi tulinunua daftari la kawaida. Kila mtindo una ukurasa wake, kila mstari tarehe, urefu wa bwawa, muda, na kama ulipimwa kwa mkono au kwa mashine. Nafasi aliyoshika hatuandiki kabisa. Mwanzoni binti alinuna, baada ya miezi kadhaa akawa akitoka majini haulizi nimekuwa wa ngapi, anauliza muda wangu ngapi. Hiyo ya mkono au mashine ni ya maana kuliko inavyoonekana kwa sababu gala nyingi za kisiwani zinaendeshwa na wazazi na stopwochi, na kidole cha binadamu kina uvivu wake. Zikiwepo saa tatu kwenye leni (njia ya kuogelea), mbili zikikubaliana unachukua hiyo, zote zikitofautiana unachukua ya katikati. Lakini mara nyingi utakuta saa moja na baba mmoja ambaye pia anaangalia simu.

Na hapo nawaambia, jitoleeni. Usisubiri kuombwa. Klabu ya kisiwani haina wafanyakazi, ina wazazi, na mzazi anayeshika saa anajulikana jina lake ndani ya wiki mbili. Sisi tulikaa miezi minne bila rafiki hata mmoja, tunasalimiana tu na watu sokoni, siku niliyokubali kuwa taimkipa (mshika saa) wa leni ya nne ndo siku tuliyoalikwa kula kwa mtu. Halafu unajifunza sheria, na sheria zinakuokoa na lawama. Utajua kwa nini mtoto ametolewa kwenye breststroku (mtindo wa chura), sababu ni chache tu zinajirudia, mikono haikugusa ukuta kwa pamoja, au amepiga mateke ya kipepeo zaidi ya moja baada ya kuruka, na utajua kwamba fristaili, bakstroku na bataflai kichwa lazima kiwe kimeshatokeza juu ya maji ikifika mita 15. Ukijua haya huendi kumfokea refa. Refa mwenyewe utakutana naye kesho benki.

Sasa suala la bwawa moja. Wageni wengi wanalalamika ooh hapa hakuna bwawa la mita 50, mtoto atapotea. Tulieni. Visiwa vya Faroe vina watu elfu hamsini na kitu, na Pál Joensen wa kijiji cha Vágur alikulia kwenye bwawa la mita 25, akachukua medali ya fedha ya mita 1500 kwenye ubingwa wa Ulaya Budapest mwaka 2010. Baadaye ndo wakajenga la mita 50 pale Vágur na wakalipa jina lake. Jordan Crooks wa visiwa vya Cayman, Desemba 2024, tena Budapest, aliogelea mita 50 fristaili bwawa fupi kwa sekunde 19.90, binadamu wa kwanza kushuka chini ya 20. Sisemi mtoto wako atakuwa hao. Nasema bwawa sio kisingizio. Kinachokosekana kisiwani kweli ni mtu wa kukimbizana naye, na hicho mtaona mnakitatuaje na kocha: wetu aliweka wasichana na wavulana leni moja kwa kasi badala ya umri, binti yangu akawa anafukuza miguu ya kijana wa miaka 14 kila asubuhi na alimchukia sana mpaka kijana alipoondoka, ndo binti akalia.

Maana wanaondoka. Hii ndo nzito kuliko zote na hamna anayekuandaa. Mikataba ya wazazi inaisha, mwaka wa shule ukiisha leni inabaki nusu. Tulishapoteza timu nzima ya rilei (mbio za kupokezana) ndani ya wiki tatu, watoto wanne, familia tatu. Kocha naye ana kibali kama mke wangu tu, na kibali kikikataliwa hata kama ndo kocha bora anapanda ndege. Tulipata makocha watatu kwa miaka sita na kila mmoja alikuja na mkono wake wa bataflai. Ushauri wangu, muombe kocha akuandikie kwa maneno yake mwenyewe mtoto yuko wapi na anarekebisha nini, ukurasa mmoja unatosha, kila nusu mwaka. Kocha mpya akifika unampa. Wa pili alitaka kuanza kubadilisha kila kitu, akasoma ile karatasi akaacha mguu jinsi ulivyo akarekebisha kupumua tu. Na kwa upande wa marafiki, sisi tulifanya kosa la kumwambia mtoto "utapata wengine". Atapata ndio, lakini siku ile hahitaji kuambiwa hivyo. Siku hizi anayeondoka anaogelea rilei ya mwisho na wanaobaki, hata kama sio siku ya gala, jioni tu baada ya mazoezi, na watu wanapiga kelele kama fainali.

Hali ya hewa. Ukiwa Karibi msimu wa vimbunga ni 1 Juni mpaka 30 Novemba, ukiwa upande wa Mauritius na Réunion ni kama Novemba mpaka Aprili, na bwawa linafungwa siku kadhaa kabla na linaweza kukaa limefungwa muda mrefu baada, maana umeme hakuna, pampu hazifanyi kazi, maji yanakuwa kijani. Msipange mashindano muhimu ya mtoto kana kwamba hiyo miezi haipo. Mazoezi ya nchi kavu anayajua kila mtoto wa kisiwani, kamba za mpira mlangoni na kuruka sebuleni. Na joto jamani: maji ya mashindano yanatakiwa nyuzi 25 hadi 28, bwawa la nje la kisiwa cha joto mchana linaweza kupita 30, na mtoto anatoka jasho ndani ya maji bila mtu kuona. Maumivu ya kichwa ya binti tulidhani ni macho, tukaenda kupima macho. Kumbe kiu. Chupa ya maji pale ukingoni na anywe kila seti.

Masikio pia. Mwezi wa pili mtoto wetu mdogo alilia usiku kucha. Ukivuta ncha ya sikio kidogo na anaruka kwa maumivu, mara nyingi ni njia ya nje ya sikio imepata maambukizi kwa sababu ya unyevu, mpeleke kwa daktari, usichokonoe na pamba. Kuzuia ni kuinamisha kichwa na kukausha kwa taulo kila akitoka, basi.

Vifaa nunueni viwili viwili kabla ya kuja, kwa sababu kisiwani kila kitu kinakuja na meli, na meli haijui kwamba Jumamosi kuna gala. Klorini na jua zinakula vazi la kuogelea haraka mno. Vazi la mashindano lisitumike mazoezini hata siku moja. Na kwa wenye mabinti wa nywele za kusuka, kofia za kawaida zinabana na kuchomoka, tafuteni zile kubwa. Zile za kampuni ya Soul Cap zilikataliwa kabla ya Olimpiki ya Tokyo halafu Septemba 2022 zikaruhusiwa, kwa hiyo refa akisumbua mnaweza kumjibu kwa adabu. Binti yangu alikuwa mweusi peke yake kwenye leni yake mwaka mzima na kuna mtoto alimwambia watu weusi hawaelei, nikamwonyesha video ya Alia Atkinson wa Jamaica, naye mtoto wa kisiwa, akishinda ubingwa wa dunia Doha Desemba 2014 mita 100 breststroku kwa 1:02.36. Aliitazama mara nyingi mno. Sikusema chochote cha ziada.

Bahari ni somo jingine na msichanganye. Mtoto anayeogelea kilomita nne kwa siku bwawani sio salama baharini kwa sababu hiyo tu, hakuna mstari mweusi chini, hakuna ukuta wa kushika. Mfundisheni kuinua macho kutazama mbele kila mikono kadhaa, na mkondo ukimvuta nje asishindane nao, aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke ndani yake. Wetu alivutwa siku moja, mita labda thelathini, alirudi anacheka. Mimi miguu ilikuwa inatetemeka.

Safari sasa, hasa kwa sisi wenye pasi ambazo kila nchi inazidai viza. Timu inatangaza mashindano wiki sita kabla, familia nyingine zinanunua tiketi jioni hiyohiyo, wewe unatafuta miadi ya ubalozi ambao hata kisiwani haupo. Na msisahau viza ya kupita, maana kutoka kisiwani mara nyingi lazima upite nchi ya tatu. Tulikosa mashindano mawili hivyo. Sasa mwanzo wa msimu naomba kalenda nzima kwa klabu, hata ya kubahatisha, naanza na viza ndefu kuliko zote. Mtoto akisafiri na kocha bila ninyi, barua ya idhini ya wazazi wote wawili iliyothibitishwa na mwanasheria, nakala mbili.

Kuhusu timu ya taifa ya kisiwa, mwambieni mtoto ukweli mapema. Anaweza kuwa wa kwanza kisiwani na asiitwe, kwa sababu ni suala la pasi, sio kasi. Sisi tulinyamaza tukidhani tunamlinda, akaja kuusikia kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Ulizeni klabu ni mashindano yapi anaruhusiwa kama mkazi, andikeni, halafu mpange malengo kwa hayo.

Na siku mkataba ukiisha, kabla hamjafunga masanduku, ombeni klabu iwape matokeo yake yote kwenye karatasi rasmi yenye urefu wa bwawa na tarehe, yamesainiwa. Klabu mpya kule mwendako haiwezi kuona mtandao wa kisiwa chenu na itamweka leni ya wanaoanza mpaka athibitishe. Rafiki yetu mmoja alihama bila hizo karatasi, kijana wake aliogelea na watoto wa miaka tisa kwa miezi miwili.