Spika za waya au zisizo na waya: anza kwa kuhesabu soketi za sebuleni

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu kufunga sauti ya kuzunguka nyumbani huanza kwa kuuliza ni ipi inayotoa sauti nzuri zaidi kati ya ile ya waya na ile isiyo na waya. Mimi huwaomba kwanza waniambie sebule yao ina soketi ngapi na ziko kwenye ukuta upi. Nimeishi na mifumo yote miwili hapa Dar es Salaam, ule usio na waya katika nyumba ya kupanga na ule wa waya katika nyumba niliyojenga, na nimewasaidia ndugu na majirani kufunga yao. Kila mara nimeona kwamba nyumba yenyewe ndiyo inayoamua, kabla hata ya sikio kusikiliza chochote.

Mfumo wa kawaida wa 5.1 una spika tatu mbele, yaani ya kushoto, ya kulia na ya katikati inayobeba maneno ya waigizaji, kisha mbili za nyuma au pembeni ya msikilizaji, na moja ya besi. Spika za mbele hazisumbui, kwa kuwa ziko karibu na televisheni na waya wake ni mfupi. Ugomvi wote wa waya na kukosa waya unahusu zile mbili za nyuma, na kwa kiasi kidogo ile ya besi.

Spika ya nyuma ya waya haihitaji soketi. Risiva, yaani kisanduku kikuu kinachokaa karibu na televisheni, huchukua umeme ukutani, huikuza sauti na kuipeleka kwenye spika kupitia waya mmoja tu. Spika isiyo na waya hupokea sauti hewani, lakini amplifaya yake, yaani kikuza sauti, iko ndani ya boksi lake, na amplifaya haifanyi kazi bila umeme. Kwa hiyo unapoondoa waya wa sauti unaleta waya wa umeme mahali pake. Katika nyumba nyingi za kwetu fundi huweka soketi mbili kwenye ukuta wa televisheni na moja karibu na mlango, na ukuta ulio nyuma ya makochi hauna kitu. Matokeo yake, mtu aliyelipa fedha nyingi ili aepukane na waya hujikuta akitandika ekstensheni chini ya zulia kutoka mbele hadi nyuma, tena ekstensheni yenye umeme wa volti 230 mahali watoto wanapocheza. Hilo ni jambo la hatari, na sipendi kuliona katika nyumba ya mtu yeyote.

Lipo na jingine ambalo boksi la dukani halilisemi waziwazi. Katika mifumo mingi inayouzwa kwa jina la spika zisizo na waya, spika mbili za nyuma huunganishwa kwa waya na kisanduku kidogo cha kupokelea, na kisanduku hicho ndicho kinachochomekwa kwenye soketi. Kinachokosa waya ni safari ya kutoka mbele kwenda nyuma tu, ilhali kati ya spika ya kushoto na ya kulia waya upo, ukizunguka makochi. Mfumo huo si mbaya, nami nimeufunga mara kadhaa kwa kuridhika, lakini mnunuzi anastahili kuujua kabla ya kulipa.

Kwa mpangaji, pamoja na hayo yote, bado nashauri mfumo usio na waya. Mwenye nyumba hataki ukuta wake utobolewe, na wewe hujui mwakani utakuwa unaishi wapi. Nilipokuwa napanga nilitumia saundibaa, ile spika ndefu inayokaa chini ya televisheni, yenye spika mbili za nyuma na ya besi, na nilipohama niliifungasha kwa muda mfupi na kuipanga upya sebule nyingine bila kuacha tundu hata moja nyuma yangu. Jihadhari tu na jambo moja: usitegemee Bluetooth ya kawaida kwa sauti ya filamu. Shirika la Mawasiliano la Kimataifa (ITU), katika pendekezo lake BT.1359, linaeleza kwamba mtazamaji huanza kugundua sauti na picha haviendi pamoja pale sauti inapochelewa kwa takriban milisekunde 125 au inapotangulia kwa 45. Bluetooth ya kawaida mara nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 150, ndiyo maana midomo ya waigizaji hufunga kabla maneno hayajaisha. Mifumo iliyotengenezwa mahususi kwa sinema ya nyumbani hutumia redio yake yenyewe, na ucheleweshaji wake ni mdogo kiasi cha kutosikika.

Redio hiyo nayo ina adui zake. Mifumo mingi ya bei nafuu hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi za majirani na kusumbuliwa na jiko la maikrowevu. Katika jengo la ghorofa lenye familia nyingi, jioni watu wanaporudi kazini, spika za nyuma zinaweza kukatikakatika wakati mchana kutwa zilikuwa shwari. Kwangu tatizo hilo lilipungua nilipoiondoa ruta ya intaneti kwenye kabati la televisheni na kuipeleka ukumbini. Mifumo ya gigahezi 5 hupata msongamano mdogo zaidi, na ingawa masafa hayo hupenya ukuta wa tofali kwa shida, ndani ya sebule moja hilo si kikwazo.

Sasa nimgeukie anayejenga, kwa sababu hapo ndipo nina la kusema kwa msisitizo zaidi. Kama nyumba yako bado haijapigwa lipu, pitisha waya. Usisubiri ujue utanunua spika gani, wala usisubiri fedha za spika zipatikane. Bomba la plastiki na waya wake ni gharama ndogo ukilinganisha na kuja kupasua ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Mpe fundi umeme mchoro unaoonyesha kochi litakaa wapi, kwa kuwa spika za nyuma hupangwa kulingana na mahali pa kukaa. Pendekezo BS.775 la ITU huweka spika za mbele nyuzi 30 kila upande wa mstari wa katikati, na zile za nyuma kati ya nyuzi 100 na 120, yaani pembeni ya msikilizaji na nyuma yake kidogo. Masanduku ya ukutani yawe juu kidogo ya sikio la mtu aliyeketi, na ndani ya kila bomba acha kamba ya kuvutia, ili siku moja ukitaka kubadili waya usihitaji patasi. Bomba la HDMI, kebo inayobeba picha na sauti kati ya televisheni na risiva, liwe pana zaidi, la milimita 32 hivi, kwani kichwa cha kebo hiyo hakipiti kwenye bomba jembamba, hasa penye kona.

Kuhusu unene wa waya, fundi wangu aliniambia, "Bosi, weka huu wa taa tu, unatosha." Kwa upande wa umeme alisema kweli. Waya wa taa kwa kawaida ni wa milimita 1.5 za mraba, na ukiwa wa shaba tupu, kwa umbali wa mita 10 kwenda na 10 kurudi, upinzani wake ni takriban omu 0.23, ambao ni kama asilimia 3 tu ya spika ya omu 8. Waya mwembamba wa milimita 0.5 za mraba unaokuja bure na spika una upinzani wa karibu omu 0.7 kwa umbali huohuo, na kwenye spika ya omu 4 hiyo ni zaidi ya asilimia 17. Nguvu inapotea njiani na besi inalegea. Hata hivyo nilimkatalia fundi kwa sababu nyingine. Miaka ikipita, atakuja fundi mwingine asiyejua historia ya nyumba, aone waya wa taa ukutani na kuuunganisha na umeme wa volti 230. Waya wa spika uwe na sura yake tofauti, usiofanana na wa umeme, na upite kwenye bomba lake peke yake.

Jihadhari pia na waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Unauzwa kwa wingi, unang'aa, na una upinzani unaozidi wa shaba kwa zaidi ya nusu. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, si shaba. Kwa tunaoishi pwani, hewa ya chumvi hula ncha za waya zilizo wazi na kuzigeuza kijani, hivyo ni vyema kuzifunga kwa vichwa vya kubana na kuzikagua kila baada ya muda. Nyumba iliyokwisha kumalizika bado ina njia moja nzuri, nayo ni kupitisha waya juu ya dari ya jipsam, mradi uwe ndani ya bomba, kwa sababu panya wa darini hawaachi plastiki laini.

Umeme wetu unaokatika na kurudi kwa kishindo ni sababu nyingine ya kuupenda mfumo wa waya. Kwa spika za mbele na za nyuma, kilicho na saketi za kuungua ni risiva peke yake, nayo unaweza kuilinda kwa kifaa kimoja cha kudhibiti volti. Katika mfumo usio na waya, kila spika ina saketi zake ukutani kwake, na kila moja inahitaji ulinzi wake. Spika ya waya ikichanika, fundi wa mtaani huibadilishia koni na ikaendelea kwa miaka. Bodi ya spika isiyo na waya ikiungua, mara nyingi kinachobaki ni kununua nyingine, na ukikuta aina hiyo imeacha kutengenezwa, seti nzima inakuwa haina jozi.

Vyovyote utakavyochagua, tazama nyuma ya televisheni yako tundu la HDMI lililoandikwa ARC au eARC, yaani lile linalotoa sauti ya televisheni na kuipeleka kwenye risiva au saundibaa. ARC, iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, inatosha kwa sauti ya 5.1 iliyobanwa, ilhali eARC, iliyokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, hupitisha pia sauti isiyopunguzwa. Televisheni isiyo na lolote kati ya hayo itakulazimu kutumia kebo ya mwanga, ambayo bado inafikisha 5.1 ya kawaida.

Na ukiwa dukani kwa ajili ya seti isiyo na waya, muombe muuzaji aiwashe, aizime kwenye soketi, kisha aiwashe tena bila kugusa rimoti. Spika za nyuma zikijiunga zenyewe na kuendelea kutoa sauti, seti hiyo itaweza kuishi na umeme wetu. Zikihitaji kuunganishwa upya kwa kubonyeza vitufe vya nyuma ya kila spika, mwambie akuonyeshe nyingine.