Ofa mbili, Mbeya na Mafinga: piga hesabu ya mkononi kabla ya kusaini

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba umekaa bila kazi zaidi ya mwaka tangu mradi uliokuajiri ufungwe, na kwamba sasa una ofa mbili: uafisa mikopo Mbeya mjini kwa shilingi 900,000 kwa mwezi, na uhasibu msaidizi katika kampuni ya mbao Mafinga kwa 650,000 pamoja na nyumba. Wengi waliokujibu wanakuelekeza kwenye fedha nyingi. Mimi nilipokuwa Iringa bila kazi nilichagua ofa yenye mshahara mdogo, na ningekushauri usiamue lolote kabla hujajua ni kiasi gani kitakachofika mkononi, na kwa muda gani.

Tuchukue hizo 900,000. Mchango wako wa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ukiwa asilimia 10 ni 90,000. Kodi ya mapato hukokotolewa kwenye 810,000 zinazobaki, na kwa viwango vya Tanzania Bara inafikia 80,500. Umesema ulisoma kwa mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo kama kiasi chote hicho ni msingi, zinaondoka 135,000 nyingine na unabaki na 594,500. Ukifanya hesabu hiyo hiyo kwa 650,000 utapata 454,500. Tofauti ya 250,000 uliyoiona mwanzoni imeshuka hadi 140,000, na hapo hujalipia chumba mitaa ya Mbeya kama Soweto au Forest, wala nauli ya daladala asubuhi na jioni kwenye foleni ya barabara kuu inayokata mji mzima. (Nyumba ya mwajiri nayo huweza kuhesabiwa kuwa manufaa yanayotozwa kodi, waulize Mafinga wanaishughulikiaje. Waulize pia kama umeme uko juu yako, maana baridi ya Juni na Julai kule unaijua.)

Jambo la pili ni zito kuliko la kwanza. Kazi ya mikopo mara nyingi hulipwa kwa sehemu mbili, msingi na kamisheni inayotegemea marejesho, na kwenye ofa ya mdomo sehemu hizo hujumlishwa zikatajwa kama mshahara mmoja. Omba mchanganuo kwa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi kuhusu kazi yenyewe, kituo, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, saa za kazi na malipo. Huombi hisani unapoyadai. Soma kwa makini kifungu cha muda wa majaribio, kwa kuwa kinga ya sheria hiyo dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Soma pia kama wanataka wadhamini, na mdhamini atawajibika kwa lipi wateja wasiporejesha.

Kwa upande wangu, ofa iliyokuwa na fedha nyingi ilitoka kwenye kiwanda cha kufungasha parachichi mkoani Njombe. Kabla ya kujibu nilipanda basi nikaenda, nikala chakula cha mchana kwa mama lishe aliyekuwa mkabala na geti, mahali ambapo wafanyakazi wa zamu walikuwa wakiandikisha chakula kwenye daftari la madeni. Nilimuuliza mmoja wao kama mishahara hutoka kwa wakati, naye akajibu bila kuinua macho: "Hutoka, kaka, ila tarehe ndiyo hatuijui." Niliporudi na kuusoma mkataba vizuri, nilikuta unaisha pamoja na msimu wa mavuno. Nyumbani walinishangaa nilipoikataa, kwa sababu anayekulisha kwa muda mrefu huona kila ofa ni neema, na siwalaumu.

Mafinga wanataka jibu haraka, umesema. Waandikie leo kwamba ofa yao imekufikia na unaomba hadi Ijumaa uwape jibu. Mwajiri makini haondoi nafasi kwa sababu hiyo. Kisha panda basi uende, maana kutoka Mbeya ni safari ya siku moja kwenda na kurudi ukiondoka alfajiri, ukaione nyumba yenyewe na kuzungumza na mtu anayefanya kazi pale.

Kwa maelezo uliyotoa, mimi ningeegemea Mafinga. Ukipata mchanganuo wa zile 900,000, uweke hapa tupige hesabu upya, kwa kuwa msingi ukiwa mdogo makato ya HESLB yatapungua, lakini malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo, ambayo hukokotolewa kwa msingi, yatapungua pia.