Pleti ya paja imekatika, nilipigwa feki?

SWALI: Dokta shikamoo. Mi ni dereva boda hapa Morogoro, miaka 34. Mwezi wa pili nilivunjika paja la kulia, nikapasuliwa nikawekewa pleti na skrubu nane. Mwezi wa tano nikaona nimepona nikatupa magongo nikarudi barabarani, maumivu yalikuwepo ila ya kuvumilika. Juzi nainuka tu kwenye stuli nikasikia kaa! mguu ukalegea, picha inaonyesha pleti imekatika vipande viwili. Walinipiga chuma feki? Sigara navuta kidogo tu.

JIBU: Marahaba, pole sana mdogo wangu. Najua hela ilivyokutoka, ila feki ndo kitu cha mwisho ningekifikiria. Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje ukunjue, ukunje ukunjue, mara ya kwanza haukatiki ila mwisho utakatika tu na wala haukuwa feki. Pleti nayo hivo hivo, kazi yake kushikilia mfupa mpaka uunge wenyewe, paja kwa kawaida miezi mitatu mpaka sita, mfupa ukichelewa kila hatua unayopiga inakunja chuma kidoogo, na we ulikuwa unapiga kiki ya pikipiki kwa mguu huo huo! Hebu itazame picha yako, nabeti pleti imekatikia kwenye tundu lisilo na skrubu, usawa wa pale mfupa ulipovunjikia.

Kwa hiyo muulize daktari wako kwa nini mfupa haukuunga muda wote huo. Kabla ya kupasuliwa tena upimwe damu, ESR na CRP, vipimo vinavyopanda mwilini kukiwa na maambukizi, maana kukiwa na usaha umejificha ndani hata chuma kipya kitalegea. Kama hakuna maambukizi, mara nyingi pleti inatolewa na unapigwa msumari, yaani chuma kirefu kinachopita ndani katikati ya mfupa, si mambo mapya haya, Mjerumani Gerhard Küntscher alianza tangu 1939. Msumari unagawana mzigo na mfupa, pleti iko pembeni inabeba peke yake. Pengine watachota na mfupa kidogo nyongani wajazie pengo.

Kwa sasa usiukanyagie hata kwenda chooni, na asikuchue mtu. Picha zote za zamani nenda nazo, hata ile ya siku ya ajali. Na hiyo sigara umeitaja mwishoni kama haihusu, ila inabana mishipa inayopeleka damu kwenye mfupa, iache kabla hujapasuliwa.