Jibu: Nani ana ruhusa ya kulitumia lile tusi la Marekani?

Kaka, umeuliza kama vijana wa maskani zetu Majengo wana haki ya kuitana lile tusi walilotukanwa weusi wa Marekani, liitwalo kwa staha "N-word", maadamu nao ni weusi. Kwangu mimi rangi peke yake haitoshi. Weusi wa Marekani wenyewe hawajaafikiana: mwaka 2007 NAACP, chama chao cha kutetea haki, ililifanyia mazishi ya ishara kule Detroit, na wasanii wanaendelea kuliimba. Richard Pryor, mchekeshaji mweusi wa huko aliyelizoea jukwaani, alikata shauri kuliacha baada ya kuzuru Kenya mwaka 1979. Yeye alilitupa huku kwetu, sisi tunaliokota! Utingo akimwita hivyo rafikiye mlangoni mwa matatu, hayo ni yao. Ila kwenye kipaza sauti cha harusi, mbele ya wazee, hapana.